Mchikichi wa Rumonge: Mti, Majina Yake na Kumbukumbu ya Ardhi

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha wanafunzi waliokulia kandokando ya Ziwa Tanganyika huenda siku moja akasoma katika insha sentensi kama hii: "Mama alinunua ngazi sokoni, akazipika, akapata mafuta mekundu." Mwalimu aliyesomea mbali na ziwa atachukua kalamu nyekundu na kuuliza pembeni: ngazi hupikwaje? Kwake yeye ngazi ni kifaa cha kupandia, na methali aijuayo ni ile isemayo kwamba mpanda ngazi hushuka. Lakini mwanafunzi hakukosea. Katika Kiswahili cha upande wa Kongo, ngazi ni matunda ya mchikichi, na mafuta mekundu anayoyasimulia ni mawese.

Tumeanza na sentensi hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo sisi walimu wa lugha tunalisahau mara kwa mara. Jina la mti halikai katika kamusi peke yake. Linakaa pia mahali, midomoni mwa watu waliouona mti huo ukipandwa, ukikatwa na ukigombewa. Makala haya yanahusu mchikichi wa Rumonge na wa pwani ya Burundi kwa jumla. Tutaeleza jinsi ya kuutambua, jinsi unavyokuzwa, na namna ulivyoingia katika historia ya ardhi ya eneo hilo. Hoja yetu ni moja: mchikichi wa Rumonge umeangaliwa mara nyingi na wageni, wataalamu na viongozi bila kuulizwa swali la msingi, yaani ni nani aliyeupanda. Kutoulizwa kwa swali hilo kumewagharimu watu wengi.

Rumonge ni mji wa aina gani?

Rumonge ni mji wa ziwani, zaidi kidogo ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Upo katika Imbo, yaani ukanda wa chini ulio kati ya ziwa na milima ya Burundi. Ziwa lenyewe liko katika kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Imbo ina joto kuliko nyanda za juu ambako wakulima huota moto jioni. Kwa miaka mingi Rumonge ilihesabiwa katika mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 ilifanywa mkoa wa peke yake, na kwa mgawanyo mpya wa mikoa mitano uliotekelezwa mwaka 2025, tarafa ya Rumonge imo katika mkoa wa Burunga.

Kwa wasomaji wetu lililo muhimu ni kwamba Rumonge ni mojawapo ya miji ya Burundi ambako Kiswahili kinasikika sokoni, ufukweni na misikitini, wala si darasani tu. Lugha hii ilifika huko kwa njia ya misafara na biashara ya karne ya 19 iliyokuwa na kituo chake kikubwa Ujiji, upande wa pili wa mpaka wa leo. Ndiyo maana msamiati wa pwani hii una sura mbili. Samaki mdogo ambaye Mtanzania wa Kigoma anamwita dagaa, Mrundi anamwita ndagala. Yule ambaye Kigoma ni mgebuka, Rumonge ni mukeke. Mchikichi nao una majina zaidi ya moja.

Majina ya mti mmoja

Katika Kiswahili sanifu mti ni mchikichi, tunda lake ni chikichi, na mafuta yatokanayo na nyama ya tunda ni mawese. Kigoma wana neno jingine linalostahili kuingia katika kila kamusi: mise, yaani viini vilivyo ndani ya kokwa, ambavyo navyo hukamuliwa mafuta ya aina nyingine. Kirundi kinauita mti huu ikigazi, na mafuta yake amamesa. Kiswahili cha Kongo kina ngazi kwa matunda.

Msomaji ataona mara moja kwamba ikigazi na ngazi yana shina moja. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wameyaunganisha maneno ya namna hii na shina la kale ambalo huandikwa *-gadi, linalopatikana katika lugha nyingi za magharibi na za katikati ya Afrika. Kikongo, kwa mfano, nacho kina ngazi kwa maana hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto anayeandika "ngazi" katika insha yake anatumia neno lenye umri mkubwa kuliko Kiswahili sanifu. Kwa mwalimu wa semantiki, neno hili linampa pia mfano mzuri wa homonimia ambao hahitaji kuutafuta katika vitabu vya kigeni.

Aidha, jina mchikichi lilisafiri mbali na ziwa. Mti huu unajulikana Unguja na Pemba, na jiji la Dar es Salaam lina kata iitwayo Mchikichini. Wengi wapitao hapo hawajapata kuuona mti uliolipa eneo hilo jina.

Kuutambua mchikichi

Mtu asiyeuzoea mchikichi huudhani mnazi. Hata hivyo tofauti ziko wazi kwa anayejua pa kuangalia. Kwanza, tuangalie majani. Vijani vidogo vya kuti la mnazi hujipanga sawasawa upande huu na huu, hata kuti likaonekana limelala kama chanuo. Vya mchikichi hutoka katika pembe mbalimbali, kwa hiyo kuti lake huonekana limetimka kama nywele zisizochanwa. Pili, shina la kuti la mchikichi lina miiba pembeni, jambo ambalo mnazi hauna. Tatu, mizizi ya makuti yaliyokatwa hubaki imeng'ang'ania gogo kwa miaka mingi, na juu yake huota mimea midogo midogo. Gogo la mnazi ni laini zaidi na lina alama za duara tu. Nne, matunda ya mchikichi hayaning'inii moja moja. Yamebanana mamia kwa mamia katika mkungu mmoja uliojibana kati ya makuti na gogo. Tunda moja lina ukubwa wa kidole gumba hivi, jeusi au zambarau juu, jekundu au la rangi ya chungwa chini likiiva.

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kaskazini-magharibi, kwenye uwanda wa Rusizi, atakutana na mti mwingine wa jamii hii: mkoche wa porini, wenye majani ya mfano wa kipepeo cha mkono. Huo si mchikichi, na haufanani nao kwa jani wala kwa tunda. Michikichi yenyewe ni ya upande wa kusini, njia nzima ya Rumonge na Nyanza-Lac.

Kuna utambuzi wa ndani zaidi, ambao hauwezekani kwa macho ya mpita njia. Chukua tunda lililoiva, ulikate katikati kwa kisu kikali. Utaona nyama ya nje, kisha ganda gumu la kokwa, kisha kiini cheupe. Ganda likiwa nene na nyama ikiwa kidogo, mchikichi huo ni wa aina iitwayo dura. Ganda likiwa jembamba, nyama nyingi, na kukiwa na duara la nyuzi nyeusi kuzunguka ganda, huo ni tenera. Ipo aina ya tatu, pisifera, ambayo tunda lake halina ganda, lakini mti wake kwa kawaida hauzai vizuri kwa sababu matunda huharibika yakiwa machanga.

Jambo la kuvutia ni kwamba kwa muda mrefu wakulima na wataalamu walizidhani aina hizi kuwa koo tatu zilizo mbalimbali. Mwaka 1941, wataalamu wawili waliofanya kazi katika kituo cha utafiti cha Yangambi, katika Kongo ya Wabelgiji, A. Beirnaert na R. Vanderweyen, walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Unene wa ganda unaongozwa na jeni moja. Matokeo yake kwa mkulima ni makubwa. Akipanda mbegu za mchikichi wa tenera uliochavushwa na tenera mwenzake, atapata kwa wastani robo ya dura, nusu ya tenera na robo ya pisifera, na hatajua ipi ni ipi mpaka miti izae. Ndiyo sababu miche ya mashamba ya kisasa hutoka katika vitalu vinavyotumia mbegu zilizochavushwa kwa uangalizi, huku michikichi ya zamani ya vijijini ikiwa kwa kawaida ya dura.

Namna unavyokuzwa

Mbegu ya mchikichi ni ngumu kuota. Huhitaji joto kwa wiki nyingi, na mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima kabla ya kuhamishwa mwanzoni mwa mvua. Katika mashamba yaliyopangwa, kipimo kinachopendekezwa sana ni mita 9 kati ya mti na mti kwa umbo la pembetatu, nacho hutoa michikichi 143 kwa hekta moja. Mti huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Maua ya kiume na ya kike hutoka katika mti mmoja lakini kwa vipindi tofauti. Mkungu hukomaa miezi mitano hadi sita baada ya uchavushaji, na dalili ya kuiva ni matunda machache kuanguka yenyewe. Baada ya kukatwa, mkungu hautakiwi kulala muda mrefu, maana mafuta huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili.

Mchikichi hupenda mvua nyingi, milimita 2,000 kwa mwaka au karibu na hapo, zilizogawanyika vizuri. Imbo haipati mvua kiasi hicho, na ina kiangazi kikali kuanzia Juni. Kwa hiyo Rumonge haiwezi kushindana na mashamba ya Malaysia au Indonesia kwa wingi wa mavuno. Pamoja na hayo, mti huu umewafaa wenyeji kwa sababu huzaa mwaka mzima, ingawa kwa kupanda na kushuka. Mwenye michikichi ana kitu cha kuuza hata mwezi ambao mihogo na maharagwe havijawa tayari. Mawese huingia katika isombe na maharage, hutengenezewa sabuni, na hulipia karo za watoto. Tukishaelewa hilo tutaelewa pia kwa nini watu wameugombania mti huu kuliko mazao mengine.

Miti iliyoonekana haina mwenyewe

Richard Burton alifika Ujiji mwezi Februari 1858 pamoja na John Speke, na baadaye mwaka huohuo wakapanda ziwa kwa mitumbwi hadi Uvira, kaskazini. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860, Burton aliuandika mti huu kwa jina la Kiswahili, mchikichi, na mafuta yake aliyaandika kwa tahajia ya mawezi. Alieleza kwamba Waarabu waliujua kutoka Unguja na Pemba, kwamba kando ya Tanganyika ulisimama katika vichaka vikubwa vyenye kivuli kizito vilivyoshika ukingo wa maji, na kwamba mafuta yake yaliuzwa. Maelezo yake ya namna watu wa Ujiji walivyotwanga, kuchemsha na kuengua mafuta hayana tofauti kubwa na kazi inayofanywa hadi leo na wakamuaji wadogo.

Lakini Burton aliongeza neno moja ambalo tungependa wanafunzi walitazame kwa makini. Alisema kwamba miti hiyo ilionekana kuota bila kupandwa. Ndivyo ilivyoonekana kwa macho ya mgeni, kwa sababu haikuwa imepangwa kwa mistari. Ukweli ni kwamba mchikichi haustawi katika kivuli cha msitu mnene. Hutaka mwanga, na hupata mwanga pale watu walipofyeka, walipojenga na walipotupa kokwa baada ya kula. Wataalamu wa historia ya mimea wanauhesabu kuwa mti unaofuatana na makazi ya binadamu, uliotoka magharibi ya Afrika na kuenea pamoja na watu. Mtu aonapo kichaka cha michikichi, basi, kwa kawaida anaona mahali palipokaa watu.

Wamisionari wa shirika la White Fathers walijenga Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa hapo. Huo ulikuwa wakati wa misukosuko, ambapo biashara ya watumwa ilikuwa imefika ufukweni na wafanyabiashara wa Ujiji, akiwemo Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walikuwa wakitafuta kuutawala ukingo wa ziwa. Vijiji vilihama na vingine vilivunjika. Michikichi yake haikuhama. Hivyo miti iliyobaki bila nyumba pembeni yake ilikuwa mabaki ya nyumba.

Jambo hili si geni kwa Warundi. Katika nyanda za juu, mahali palipokuwa na makao ya kale ya wafalme hutambulika hadi leo kwa miti mikubwa ya jamii ya mkuyu iliyobaki, na mahali hapo huitwa ibigabiro. Huko juu mti ulikubaliwa kuwa kumbukumbu ya mwenyeji wa zamani. Ufukweni, mchikichi wa mkulima wa kawaida haukupewa heshima hiyo.

Mwaka 1972 na mistari iliyonyooka

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa mahali ulikoanzia. Waasi waliwaua Watutsi wengi, wakiwemo raia wasiokuwa na silaha. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, na waliolengwa zaidi ni waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali na wa makanisa. Makadirio ya waliouawa yako kati ya watu 100,000 na 300,000. Sisi tulio katika kazi ya ualimu hatuwezi kuusoma mwaka huo bila kukumbuka madarasa yaliyobaki hayana walimu wala wanafunzi.

Watu wengi wa Imbo walikimbia, kwa miguu na kwa mitumbwi, kuelekea Tanzania na Zaire ya wakati huo. Tanzania iliwapa wengi wao makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko watoto wao walisoma kwa Kiswahili, wakaoana, wakazaa. Nyuma yao mashamba hayakukaa bure. Mengine yalichukuliwa na majirani, mengine yaligawiwa na viongozi kwa watu waliotoka sehemu nyingine za nchi. Mengine yaliingizwa katika mashamba makubwa ya michikichi ya mradi wa serikali, uliosimamiwa na shirika la maendeleo lililojulikana kwa herufi za SRD Rumonge.

Ardhi ilipimwa upya, ikagawanywa katika vipande, na michikichi bora ikapandwa kwa mistari. Mtu akiutazama mradi huo kwa macho ya mtaalamu wa kilimo, ulikuwa na faida zake: aina ya tenera hutoa mafuta mengi kuliko dura ya zamani, na wakulima waliopewa vipande walipata kipato. Lakini mstari ulionyooka hauijui mipaka ya kale. Palipokuwa na itongo la ukoo fulani, lenye mpaka wa kijito, kichuguu na mchikichi wa babu, sasa palikuwa na safu za miti inayofanana, zilizovuka maitongo matatu au manne bila kupinda. Burton aliona kichaka akadhani hakina mwenyewe. Waliopanga mashamba waliona ardhi isiyo na mtu, ilhali wenyewe walikuwa hai, ng'ambo ya mpaka.

Waliorudi

Baadhi ya wakimbizi walirudi mwaka 1993, baada ya uchaguzi wa Juni uliomweka madarakani Melchior Ndadaye. Aliuawa Oktoba mwaka huohuo, na vita vilivyofuata vikafunga njia. Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitamka kwamba mkimbizi anastahili kurudishiwa mali yake, hasa ardhi, au kulipwa fidia. Mwaka 2006 iliundwa tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, iliyojulikana kwa herufi CNTB. Kati ya mwaka 2008 na 2009 zaidi ya wakimbizi 50,000 wa mwaka 1972 walirejea kutoka Tanzania, na wengine wapatao 162,000 walichagua kubaki na wakapewa uraia wa Tanzania.

Aliyerudi Rumonge alikuta nini? Alikuta mtu mwingine amekaa katika itongo lake kwa zaidi ya miaka 30, pengine mtu aliyepewa kipande hicho na serikali, kwa karatasi, na aliyezaa na kuzika hapo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimtambua mtu aliyekaa juu ya ardhi kwa miaka 30 bila kupingwa. Mkataba wa Arusha ulimtambua aliyefukuzwa. Wote wawili walikuwa na maandishi ya kuegemea. Tume yenyewe ilibadili mwelekeo: katika miaka yake ya mwanzo ilipendelea pande mbili kugawana shamba, na baada ya mwaka 2011 ilielekea zaidi kumrudishia mwenye asili shamba lake lote. Kila mwelekeo uliacha wenye malalamiko.

Katika Rumonge mgogoro huo ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu ya mchikichi. Shamba la mihogo likigawanywa, kila mmoja huanza upya msimu ujao. Shamba la michikichi ni kazi ya miaka. Mche uliopandwa na mtu wa pili umepaliliwa naye, umeanza kuzaa mikononi mwake, na utaendelea kutoa mavuno ya maana hadi ufikie miaka 25 au 30. Je, mti ni wa mwenye ardhi au ni wa aliyeupanda? Na kama aliyeupanda ni mradi wa serikali, aliyeutunza ni mkaaji wa baadaye, na ardhi ni ya aliyekimbia, mkungu mmoja una wenyewe wangapi?

Hapa ndipo utambuzi tuliouzungumza juu unapopata uzito wake. Mchikichi mrefu, wa mita 15 au zaidi, wa aina ya dura, uliosimama peke yake nje ya safu karibu na mahali palipokuwa na nyumba, huenda uliota kabla ya mwaka 1972. Michikichi ya tenera iliyopandwa kwa nafasi sawa ni ya mpango wa baadaye. Mchikichi hauna duara za miaka ndani ya gogo kama miti mingine, lakini mti uliokomaa hutoa makuti 20 hadi 25 hivi kwa mwaka, na alama zake juu ya gogo humpa mtaalamu makisio ya umri. Mzee anayesema "mpaka wetu ulikuwa kwenye kile kigazi" huenda anaonyesha kitu kinachoweza kuchunguzwa.

Hata hivyo tusivuke kipimo. Kokwa huanguka na kuota penyewe, miti mirefu hukatwa, na kumbukumbu za watu hukosea. Mti unaweza kutoa ushahidi, lakini hukumu ni ya watu, na inabidi izingatie haki za wote wawili: yule aliyefukuzwa kwa nguvu, na yule aliyepewa kipande bila kuambiwa kwamba kilikuwa na mwenyewe.

Lugha ya waliorudi

Kuna upande mmoja unaotuhusu sisi moja kwa moja. Waliorudi kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuja na Kiswahili cha shule za Tanzania. Vijana wao waliufahamu mti kwa jina la mchikichi. Waliobaki waliuita ikigazi. Mtoto aliyesema mchikichi alijulikana mara moja kuwa ametoka ng'ambo. Maneno mawili ya mti mmoja yakawa alama ya nani alikimbia na nani alibaki.

Tunadhani shule ina nafasi ya kuyapatanisha maneno hayo. Kiswahili kimeingizwa katika shule za msingi za Burundi tangu miaka ya 2000, na mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwalimu wa Rumonge, kwa hiyo, anafundisha Kiswahili kwa watoto ambao wengine wamekinyonya nyumbani, wengine wamekileta kutoka uhamishoni, na wengine wanakisikia darasani kwa mara ya kwanza. Akiwauliza wote majina ya mchikichi na sehemu zake, kila mmoja atakuwa na neno la kuchangia, na hakuna atakayeambiwa kwamba neno la kwao ni kosa.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wanaosoma jarida hili. La kwanza, wanafunzi wakusanye majina ya mti huu, matunda, mafuta, vifaa vya kukamulia na mabaki yake, katika Kirundi na katika Kiswahili cha pande zote za ziwa, na waandike kila neno limetoka wapi. La pili, walete matunda darasani, wayakate, wayaeleze kwa maandishi. Hakuna zoezi la ufafanuzi linalozidi lile ambalo kitu chenyewe kiko mezani. La tatu, wakiwauliza wazee habari za michikichi ya zamani, waulize kwa adabu na wasikilize kwa subira, wala wasimlazimishe mtu kusema. Katika Rumonge swali "mti huu ulipandwa na nani?" linaweza kufungua kaburi.

Hata hivyo ni swali linalofaa kuulizwa. Ndilo ambalo Burton hakuuliza mwaka 1858, na ndilo lililokosekana wakati wa kuchora mistari ya mashamba baada ya mwaka 1972. Kama wanafunzi wetu watajifunza kuliuliza kwa Kiswahili fasaha na kwa heshima, tutakuwa tumewafundisha zaidi ya msamiati. Na yule mwanafunzi aliyeandika kwamba mama yake alinunua ngazi sokoni, tunamwomba mwalimu wake amfutie ule wino mwekundu.